Vifo vya ovadozi na maradhi ya akili: namna ya kuibana kaunti mpaka itende

Kijana anapofia maskani (kijiwe cha kutumia dawa) Kisauni au Malindi kwa kuzidisha unga (heroini), yaani ovadozi, aghalabu huzikwa siku hiyo hiyo, na kwenye karatasi huandikwa "maradhi ya ghafla" au "alishindwa kupumua". Familia imemsitiri mtoto wao, na hakuna wa kuilaumu. Lakini katika vitabu vya kaunti heroini haikuua mtu, na mwaka ujao fedha za dawa zitagawanywa kana kwamba hapakuwa na msiba. Mgonjwa wa akili aliyekosa sindano yake ya mwezi, akatoka nyumbani na kugongwa barabarani, naye ataandikwa ajali.

Mwongozo huu ni wa wazazi, waliowahi kutumia na wanaotumia bado, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na vikundi vya mtaani wanaotaka hali hiyo ibadilike. Tumeulenga Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kwa kuwa Pwani ndiko heroini ilikokita mizizi zaidi nchini Kenya. Hatua za kisheria ni zile zile katika kaunti zote 47. Hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa kaunti, si wa Nairobi.

Kabla ya barua yoyote: jueni kumwokoa mtu

Hamwezi kudai naloksoni, dawa ya sindano inayomrudishia pumzi aliyezidisha heroini, mkiwa hamjui inavyofanya kazi. Katika kila kikao atatokea mwenye kuuliza, na mkibabaika hapo mmepoteza kikao.

Aliyeovadozi kwa heroini au dawa ya jamii yake haitiki hata ukimsugua kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Pumzi ni chache mno, au anakoroma kwa sauti ya mtu anayezama. Midomo na kucha zimegeuka kijivu au samawati, na mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini. Kinachomuua ni kukosa hewa, basi cha kwanza ni pumzi. Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo mdomoni, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Mwenzako akimbilie naloksoni na usafiri.

Ampuli moja (kichupa cha kioo) ya naloksoni ina mililita 1, yaani mikrogramu 400. Igonge kidogo kwa ukucha ili dawa iliyokwama shingoni ishuke, ishike kwa kitambaa, ivunje shingo kwa kuisukuma mbali nawe, vuta dawa yote kwenye bomba, mdunge kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo ikibidi. Endelea kumpulizia. Zikipita dakika 2 au 3 bila pumzi kurudi, ongeza ampuli ya pili. Akianza kupumua mlaze ubavu.

Wengi hupotea baada ya hapo. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 tu, nayo heroini, na hasa methadoni (dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini), huweza kubaki mwilini muda mrefu zaidi. Mtu aliyeamka anatukana na ana arosto kali (mateso ya kukosa dawa mwilini), anataka kuondoka akadunge tena. Msimwache. Kaeni naye saa 2 kwa uchache, na kama alikunywa methadoni apelekwe hospitali. Kumdunga maji ya chumvi, kummwagia ndoo ya maji au kumnywesha maziwa hakumrudishii pumzi, na maziwa yanaweza kumpalia.

Naloksoni haifanyi kitu kwa bugizi (vidonge vya usingizi) wala pombe. Mdungeni hata hivyo, kwa sababu wengi huchanganya na unga, na asiye na unga mwilini haitamdhuru.

Hatua ya kwanza: daftari

Msingi wa kazi yote ni daftari moja la kurasa 200, mistari iliyopigwa kwa rula, linalokaa kwa mtu mmoja na kufungiwa kabatini. Pigeni safu nane: tarehe, wadi, umri wa kukadiria na jinsia, palipotokea (maskani, nyumbani, gesti, rumande), alichotumia kwa kadiri mnavyojua, kilichofanywa na nani, kama aliishi au alikufa, na nani aliyewaambia, kwa alama, si kwa jina. Safu ya tisa iacheni tupu kwa maelezo, kwa mfano "katoka jela siku 4 zilizopita" au "zahanati ilikuwa imefungwa".

Majina msiandike. Tumieni herufi na namba, tuseme K-014. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zaidi ya sheria kuna familia: siku daftari litakapoonekana na jina la mtoto wa mtu, mtaa mzima utafunga mdomo na hamtapata habari tena.

Andikeni pia waliookolewa, maana kaunti hushtuka kusikia idadi ya vifo, lakini hununua dawa kwa idadi ya matukio. Kifo kimoja na matukio tisa ya kuokolewa ni hoja nzito kuliko kifo kimoja peke yake, kwa kuwa matukio yale tisa yanathibitisha kwamba dawa ikiwepo, watu wanaishi.

Habari zitatoka wapi? Wahudumu wa kliniki za methadoni na wanaogawa sindano safi maskani husikia mapema kuliko hospitali. Madereva wa bodaboda hubeba wagonjwa usiku. Msaidizi wa chifu ndiye anayeandikisha vifo vya nyumbani kabla ya kibali cha mazishi. Waosha maiti nao wanajua, lakini hapa pana mpaka. Aliyeosha maiti ana wajibu wa kidini wa kuficha aliyoyaona mwilini, kwa hiyo msimuulize ni nani wala alikuwa na alama gani. Kaeni na imamu wa mtaa na kamati ya msikiti, mwombe kitu kimoja tu: mwisho wa mwezi waseme ni wangapi waliodhani walikufa kwa dawa. Namba peke yake. Baadhi watakataa na mkubali bila kushindana.

Kila tukio lithibitishwe na watu wawili wasiohadithiana. Likikosa shahidi wa pili, andikeni "halijathibitishwa" na msilihesabu hadharani. Mkisema 40 na afisa wa afya akathibitisha 12 tu, hata hao 12 hawataaminika.

Kwa upande wa afya ya akili daftari ni jingine na ni jepesi zaidi. Chagueni vituo 5 au 6, mtu mmoja avitembelee siku ile ile ya kila mwezi, aulize famasi dawa tano: haloperidoli, fluphenazini ya sindano ya mwezi, karbamazepini, amitriptilini na fluoksetini. Ipo, haipo, na kama haipo ilikwisha lini. Miezi mitatu ya jedwali hilo inaonyesha jambo ambalo hotuba haiwezi kulionyesha: kwamba, tuseme, mgonjwa wa Ganze kule Kilifi hakuzidiwa kwa sababu ya majini wala uvivu wa kumeza dawa, alizidiwa kwa sababu sindano ilikosekana siku 71.

Hatua ya pili: waulizeni kwa maandishi

Mkishakuwa na miezi mitatu ya daftari, iombeni kaunti taarifa zake. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki hiyo. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili, sheria inasema hivyo waziwazi, na hakuna ada ya kuiwasilisha. Mnaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Kaunti ina siku 21 za kujibu. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Wasipojibu au wakikataa, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yule ambaye watu humwita Ombudsman.

Kosa la kawaida ni kuuliza swali pana. "Tunaomba taarifa zote kuhusu mihadarati" hujibiwa kwa kijitabu cha semina. Ulizeni hivi:

"Kwa kutumia Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba: (a) idadi ya ampuli za naloksoni za mikrogramu 400 zilizonunuliwa na kaunti tangu tarehe 1 Julai mwaka juzi hadi 30 Juni mwaka huu, kwa kila robo ya mwaka, (b) orodha ya vituo vilivyopokea na idadi kwa kila kituo, (c) idadi ya ampuli zilizoharibika au kupitwa na muda, (d) idadi ya wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa kutibu ovadozi, (e) fedha zilizotengwa na zilizotumika kwa huduma za afya ya akili katika muda huo huo, (f) idadi ya wauguzi wa afya ya akili na vituo wanakofanya kazi."

Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri zile siku 21 hamna pa kuanzia kuzihesabu. Karani akisema bosi hayupo, muhuri hauhitaji bosi.

Jibu la "hatuna takwimu" ni ushindi, si pigo. Lihifadhini. Idara inayokiri kwa maandishi kwamba haihesabu vifo haiwezi kusimama kwenye bunge la kaunti ikasema tatizo ni dogo.

Wakati huo huo mwombeni afisa wa takwimu wa kaunti ahakikishe madaktari wanaandika chanzo cha kifo kwa namba za uainishaji wa kimataifa. Katika toleo la kumi, X42 ni sumu ya bahati mbaya ya dawa za kulevya, na T40.1 ni heroini. Daktari akiandika "moyo ulisimama" ameandika namna kila binadamu anavyokufa, hakuandika sababu.

Hatua ya tatu: ombi moja, lenye hesabu

Hapa ndipo kampeni nyingi hufa. Watu huingia kikaoni na mambo kumi: kazi kwa vijana, kufungwa kwa maskani, kituo cha marekebisho, polisi wafisadi. Yote ni kweli, na waziri wa afya wa kaunti atayaitikia yote na hatatenda hata moja. Chagueni moja la ovadozi na moja la afya ya akili, kila moja liwe na idadi, mahali na tarehe.

Kwa ovadozi tungeanza na naloksoni, kwa sababu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na shirika hilo tangu 2014 linashauri iwafikie hata watu wasio wauguzi ambao huenda wakashuhudia ovadozi. Aliye karibu na anayeovadozi ni rafiki yake, si daktari.

Hesabu ifanyeni hivi, kwa namba zenu. Tuseme daftari lina matukio 120 kwa mwaka. Kila tukio lipangiwe ampuli 2: 240. Tuseme vituo 24 vilivyo karibu na maskani viwe na ampuli 5 za akiba kila kimoja: 120. Wahudumu 50 wa maskani, ampuli 2 mkobani: 100. Jumla 460, pamoja na mabomba na sindano 460. Bei iulizeni famasi ya kaunti na mwiandike karibu na jumla, mkitaja siku mliyoipata. Mwakilishi wa wadi anayeona karatasi yenye mstari mmoja wa jumla anaweza kuisoma mbele ya kamati bila kuhitaji mtaalamu wa kumfafanulia.

Kisha ongezeni masharti, maana dawa kununuliwa si dawa kufika. Iwe kwenye trei ya dharura, si kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake huenda nyumbani na mfamasia saa kumi na moja jioni. Iwe katika chumba cha dharura cha hospitali na si kliniki ya methadoni peke yake, kwa kuwa kliniki haifanyi kazi usiku na ovadozi haifuati saa za kazi. Kila zamu iwe na mtu mmoja aliyefunzwa.

Waliotoka jela wanahitaji sentensi yao wenyewe katika ombi. Mtu aliyekaa miezi bila unga, mwili wake umesahau kuuvumilia. Akirudia kipimo chake cha zamani siku ya kutoka, kipimo hicho humuua. Wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Hali hiyo hiyo huwapata waliotoka kituo cha marekebisho, na mtaa mzima unga unapoadimika na kisha kurudi. Magereza ni ya serikali ya kitaifa, hivyo barua ya kuomba wanaotoka wapewe mafunzo, ampuli 2 na rufaa ya kliniki iende kwa mkuu wa gereza lenyewe, Shimo la Tewa kwa mfano, na nakala kwa idara ya afya ya kaunti.

Kwa afya ya akili, ombi lenye nguvu kwa kaunti nyingi ni dawa zile tano zisikosekane katika vituo vilivyotajwa kwa majina, na muuguzi mmoja wa afya ya akili kwa kila kaunti ndogo. Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa 2022 inaziwajibisha kaunti moja kwa moja kutoa huduma hizi katika hospitali zake na vituo vya chini, na inataka kila kaunti iwe na baraza lake la afya ya akili. Ulizeni baraza hilo lilikutana lini. Usafiri wa kumpeleka mgonjwa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, hauwezi kuhesabiwa kuwa huduma ya kaunti.

Msije mkatenganisha mambo haya mawili mbele ya kamati kana kwamba yanashindania mfuko mmoja. Anayejidunga mara nyingi ana huzuni nzito au alianza baada ya kuona mambo, na aliyeacha unga bila kutibiwa akili hurudi. Muuguzi yule yule wa afya ya akili ndiye atakayewatibu wote wawili, na hilo likisemwa mapema linazuia mjadala wa nani anastahili zaidi.

Hatua ya nne: fikeni kabla ya Februari kwisha

Wengi huenda kwenye vikao vya umma mwezi Mei, wakati kila shilingi imeshapewa mwenyewe. Kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inakwenda hivi: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na sheria ya matumizi ipite kabla ya 30 Juni. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Waraka wa Februari ndio wenye uzito, na ndio watu wasioujua. Huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Idara ya afya ikishapewa kikomo, kila mtakachoongeza Mei lazima kitolewe kwa mwingine ndani ya afya ile ile, kwa mfano chanjo au uzazi, na hakuna mwanakamati atakayekubali. Bunge lina siku 14 tu za kuujadili. Kwa hiyo ombi liandikwe Agosti kwa ajili ya mpango wa mwaka, lirudiwe Januari kwa idara na kwa kamati ya bajeti, na Mei mwende kulilinda tu.

Kwenye ushirikishi wa umma mtapewa dakika tatu, pengine mbili. Msemaji mmoja. Sentensi ya kwanza iwe namba ya daftari, ya pili ombi, ya tatu gharama, ya nne ukurasa wa bajeti ambamo fedha hizo ziingie. Mkabidhi maoni ya maandishi, ukurasa mmoja, na mchukue muhuri. Yasemwayo kwa kinywa hubaki ukumbini. Ripoti ya kamati huandikwa kutokana na karatasi.

Nani asimame? Mama aliyefiwa husikilizwa sana, lakini msimsukume. Mwulizeni mara mbili, siku mbili tofauti, na aambiwe kuwa picha yake huenda ikasambaa. Mtu anayetumia dawa asimame kama mjuzi wa jambo na aketi mezani pamoja na wengine, si aonyeshwe kama kielelezo. Neno "teja" na neno "mwendawazimu" yaishie nje ya mlango, hata ndani ya kikundi chenu. Semeni "mtu anayetumia dawa", "mgonjwa", "kijana wetu". Kamati hufuata msamiati wa waliozungumza kwanza.

Jiandaeni kwa hoja tatu. Ya kwanza, kwamba naloksoni itawatia watu moyo wa kutumia. Jibu: naloksoni haileweshi, humrudisha mtu kwenye arosto kwa dakika chache, na hakuna anayetamani hali hiyo. Ya pili, kwamba wafadhili hulipia. Jibu: serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, kila huduma iliyoegemea fedha hizo iliyumba ndani ya siku chache tu, kwa hiyo dawa ya dharura haifai kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Ya tatu, kwamba dini hairuhusu. Msijibu ninyi. Awepo imamu au padri aliyekubali mapema, naye aseme juu ya kuokoa nafsi.

Hatua ya tano: ardhilhali, mkikataliwa

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa bunge la kaunti. Ni silaha nzuri kwa kuwa bunge likiipokea lazima iende kwenye kamati na kamati ijibu. Lakini nyingi hurudishwa kwa dosari za umbo. Ombeni kanuni za kudumu za bunge lenu kwa karani, kisha hakikisheni haya, ambayo ndiyo ya kawaida: iwe ya Kiswahili au Kiingereza, isiwe na neno lililofutwa au kuandikwa juu ya jingine, itaje hatua mlizochukua awali na majibu mliyopata (hapa ndipo barua yenu yenye muhuri inapolipa), iseme kama jambo liko mahakamani au la, imalizie kwa ombi bayana, na kila aliyetia sahihi aandike jina kamili, anwani na namba ya kitambulisho. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Sahihi ziwe kwenye karatasi zenye kichwa cha ombi juu ya kila ukurasa. Karatasi tupu zenye majina zikiambatanishwa nyuma hukataliwa, na haki yake, kwa sababu hakuna ajuaye watu hao walitia sahihi ya nini. Watu wanaotumia dawa wengi hawana vitambulisho, na wengine wanahofia jina lao kufika polisi. Wasilazimishwe. Ndugu, majirani na wahudumu wanatosha.

Ombi la mwisho la ardhilhali liwe hivi: "Tunaomba Bunge hili liiagize Idara ya Afya kununua ampuli 460 za naloksoni kabla ya tarehe 30 Septemba, kuzigawa kwa vituo 24 vilivyoorodheshwa, na kuleta taarifa bungeni kila robo ya mwaka." Katiba iko upande wenu: Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Polisi

Marafiki hukimbia na kumwacha anayekufa kwa sababu wanaogopa gari la polisi. Hilo halitaondolewa na bajeti. Ombeni kikao na mkuu wa kituo na kamanda wa kaunti ndogo, mkiandamana na afisa wa afya wa kaunti, na mwombe amri moja ya ndani: anayeita msaada wa ovadozi, na anayesaidiwa, hawakamatwi hapo. Sheria ya mihadarati ya 1994 bado ipo na makubaliano hayo hayaifuti, kwa hiyo yaandikwe, na kila mkuu mpya akihamishiwa mwende tena. Mkuu wa kituo akihama bila makubaliano kuandikwa, mnaanza upya kabisa.

Kwa aliyejaribu kujiua mna nguvu zaidi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Chapeni nakala ya hukumu, mwipeleke kwenye vituo vya polisi na wodi za dharura. Wauguzi wengine bado huita polisi kabla ya daktari.

Mkizungumza na redio au gazeti juu ya kujiua, msitaje njia wala mahali, msiseme sababu ilikuwa moja, na mtaje pa kupata msaada. Laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na ya Msalaba Mwekundu 1199.

Walio Tanzania

Njia ya Tanzania bara hupitia halmashauri. Anzieni kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, ombi liingie kwenye muhtasari, lipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao madiwani huupitisha. Mwaka wa fedha ni Julai hadi Juni, hivyo ombi liwe limeshafika kwa mganga mkuu wa wilaya kabla Desemba haijaisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa, kwa hiyo waulizeni kama kituo kiliagiza, maana mara nyingi dawa inayodaiwa "haipo bohari" haikuagizwa kamwe. Mnalo pia la kujivunia na kulitumia kama hoja: kliniki ya methadoni ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kabla Kenya haijaanza yake mwishoni mwa 2014. Zanzibar ina wizara yake ya afya, na barua huenda huko.

Hatua ya sita: rafu

Bajeti ikipita na kasma (fungu lenu la fedha) ikiwemo, kazi iko nusu. Fedha hupunguzwa kimya kwenye bajeti ya ziada, au agizo hukwama kwa sababu kaunti ina deni KEMSA, shirika la serikali linaloziuzia kaunti dawa. Kila robo ya mwaka someni ripoti ya Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti yenu, mlinganishe kilichotengwa na kilichotumika, na mwulize kwa barua ile ile ya siku 21.

Kisha nendeni vituoni, kwa ruhusa ya msimamizi na kwa adabu, si mchana bali saa tatu usiku wakati zamu imebadilika. Mwulizeni muuguzi aliye zamu: naloksoni iko wapi? Hesabuni dakika kutoka swali hadi ampuli kuwa mkononi. Ikizidi dakika 2, andikeni na mseme na msimamizi kesho yake, bila kumtaja muuguzi, kwa kuwa kosa ni la mpangilio. Igeuzeni ampuli msome tarehe ya mwisho iliyochapwa ubavuni. Ikibaki chini ya miezi 6, iombwe ihamishiwe hospitali yenye wagonjwa wengi itumike, na kituo kiletewe nyingine. Andikeni namba zote kwenye daftari, chini ya mstari wa tukio la mwisho.